Kiboko anapofungiwa ndani msimu wa baridi: dalili, chanzo na pa kuanzia

Donna, kiboko jike wa bustani ya wanyama ya Mesker Park huko Evansville, jimbo la Indiana, Marekani, alikufa mwaka 2012 akiwa na miaka 61. Indiana huganda kila mwaka. Zamani zaidi, Obaysch, dume aliyenaswa mtoto kwenye mto Nile, alifika London Mei 1850 na kuishi huko hadi 1878. Kwa hiyo swali la kama kiboko anaweza kumudu nchi ya theluji lilishajibiwa. Kinachowatoa jasho watunzaji ni nyumba.

Baridi yenyewe si mkosaji mara nyingi. Kazi yake ni kumsukuma ndani mnyama wa tani moja na nusu, wakati mwingine hata tatu, akae humo miezi mitano au sita pamoja na bwawa lake, kinyesi chake na pumzi yake. Matatizo mengi huzaliwa hapo. Lakini mtu akiona dalili yoyote, mkono wake hukimbilia kuongeza joto, na mara nyingi joto hilo ndilo linaloharibu zaidi.

Basi kabla ya kugusa boila, chukua vipimo vinne. Cha kwanza ni joto la hewa kwenye usawa wa mgongo wa mnyama. Kipimajoto kilichotundikwa mita tatu juu ya sakafu hakifai, kwa kuwa hewa moto hupanda, na ukuta unaweza kusoma nyuzi 22 huku sakafuni pakiwa na 15. Kisha pima unyevu wa hewa, joto la maji, na joto la uso wa ndani wa vioo na paa. Nyumba nyingi huweka hewa na maji kati ya nyuzi 18 na 24. Ukiwa na namba hizo nne mkononi, endelea.

Ngozi inakauka na kupasuka

Ngozi ya kiboko ni nene, ila tabaka lake la juu kabisa ni jembamba na hupoteza maji haraka kuliko la wanyama wengi wa ukubwa wake. Ndiyo maana mchana kutwa hukaa majini. Akikaa nje ya maji siku nzima, ngozi hukauka, hukakamaa, kisha huchanika kwenye mikunjo ya shingo na nyuma ya miguu.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni bwawa lenyewe. Je, anaingia? Kama maji yako nyuzi 14 na sakafu ina joto la kupendeza, atachagua sakafu. Wewe utaona ngozi kavu, utaongeza joto la hewa, hewa itazidi kukauka, naye atazidi kulala nje. Pasha maji kwanza. Hilo peke yake humaliza kesi nyingi za ngozi.

Sababu ya pili ni hewa ya nje inayoingizwa na kupashwa moto. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri, hata ikiwa imeshiba unyevu, hubeba gramu mbili na kidogo tu za maji katika kila mita ya ujazo. Ipashe hadi nyuzi 20 bila kuiongezea chochote, na unyevu wake hautafika asilimia 15. Feni inayopuliza hewa hiyo moja kwa moja pale anapolala inamkausha mnyama kila dakika. Geuza mdomo wa bomba la hewa uelekee kwenye vioo, ambako ukavu huo una faida.

Bustani ya wanyama ya Leningrad ilipitia hali mbaya kuliko zote wakati wa mzingiro wa Vita Kuu ya Pili. Kiboko wao jike, Krasavitsa, aliyekuwa hapo tangu 1911, alibaki kwenye bwawa kavu baada ya mabomba kukatika, na ngozi yake ikaanza kuchanika. Mtunzaji wake, Yevdokia Dashina, alivuta maji ya mto Neva kwa pipa juu ya sleji, akayapasha moto, akamwogesha na kumpaka mafuta ya kafuri. Krasavitsa aliishi hadi 1951. Utaratibu ni uleule leo: maji ya vuguvugu kwanza, mafuta baadaye, na mafuta ni kwa siku bwawa halitumiki, kwa sababu bwawa likirudi kazini yataishia kwenye chujio.

Usichanganye mpasuko na lile jasho jekundu. Majimaji hayo hutoka bila rangi, hugeuka mekundu, kisha hudhurungi. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kuwa rangi zake mbili, nyekundu na ya chungwa, humkinga na mionzi ya jua, na ile nyekundu huzuia baadhi ya bakteria. Mgeni akipiga kelele dirishani kwamba mnyama anavuja damu, tazama kama wekundu umetandaa sawasawa mgongoni na usoni. Damu hutoka mahali pamoja.

Paa linadondosha, vioo havionyeshi kitu, kuta zina ukungu mweusi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndipo nitakaa kidogo.

Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kuacha matone ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 14 hivi. Sasa tazama vioo vyako. Nje kukiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, uso wa ndani wa kioo cha tabaka moja, kwa hesabu, hushuka chini ya sifuri, kwa hiyo utaganda. Tabaka mbili za kawaida hukaa karibu nyuzi 9. Tabaka tatu nzuri hufika 16 hivi, na hizo ndizo pekee zinazobaki kavu. Watu wa nchi hizi wanapenda mapaa ya kioo, na sababu ipo: Hippoquarium ya Berlin, nyumba ya viboko ya bustani ya wanyama ya huko, iliyofunguliwa 1997 chini ya makuba yake ya kioo, hupata mwanga wa mchana ambao taa hazitoi kwa urahisi. Ila kila mita ya mraba ya kioo hudai hewa kavu ipitishwe juu yake.

Kosa linalojirudia ni kuweka maji yenye joto kuliko hewa. Inaonekana busara: bwawa lipate nyuzi 23, ukumbi uachwe 17 ili kuokoa mafuta. Matokeo yake bwawa hutoa mvuke usiku kucha. Mafundi wa mabwawa ya kuogelea wanalijua hili siku nyingi, nao huweka hewa nyuzi moja au mbili juu ya maji. Kila lita ya maji inayogeuka mvuke huondoka na takriban uniti (kilowati-saa) 0.68 za nishati, uniti ulizolipia, na mvuke huohuo unakwenda kula vyuma vya paa.

Njia rahisi ya kujua ukubwa wa tatizo haihitaji mtaalamu. Jioni, kiboko akiwa amefungiwa chumba cha pembeni, funga maji yanayoingia, zima pampu na chora mstari wa penseli ya nta ukutani pale maji yanapofikia. Weka ndoo iliyojaa maji ya bwawa kwenye ngazi ya juu, nusu yake ikiwa ndani ya maji, nayo uichoree mstari kwa ndani. Asubuhi linganisha. Bwawa la mita za mraba 100 likishuka milimita 2, zimeondoka lita 200. Kama ndoo nayo imeshuka milimita 2, ni mvuke. Kama bwawa limeshuka 6 na ndoo 2, acha kulalamikia hewa, tafuta pa kuvuja. Anza na kiungo cha bomba la chini na fremu ya dirisha la kutazamia chini ya maji.

Ukithibitisha ni mvuke, fuata mpangilio huu: sawazisha joto la hewa na maji, halafu ongeza hewa inayopita juu ya vioo, halafu fikiria mtambo wa kurudisha joto, ule ambao hewa chafu inayotoka huipasha hewa safi inayoingia bila kuchanganyika nayo. Kuziba matundu ya hewa ili joto lisitoroke ni kujichimbia shimo. Vioo vitalowa zaidi, ukungu utapanda ukutani, na amonia itabaki ndani.

Kusugua ukungu bila kushusha unyevu ni kazi ya kila wiki isiyo na mwisho. Nimeona watu wakipaka rangi ya kuzuia kuvu juu ya ukuta ambao bado unatiririka maji.

Maji yametoka rangi, yana povu, au macho ya mnyama ni mekundu

Anza kwa kukubali kuwa kiboko atajisaidia majini, tena kwa kutapanya kwa mkia. Mto Mara upande wa Kenya una viboko kama 4,000, na watafiti walikadiria kuwa huuingizia mto zaidi ya tani 36 za kinyesi kibichi kwa siku. Maji yakiwa haba, madimbwi yao huishiwa oksijeni, na mvua ikija kuyasukuma, samaki wa huko chini hufa kwa wingi. Kwenye chemchemi ya Mzima, Tsavo Magharibi, maji hubaki angavu kwa sababu yanabubujika na kuondoka bila kukoma, na samaki wa jamii ya ningu wanakula kile kinachoanguka. Bwawa la ndani lisilo na chujio la kutosha ni dimbwi la Mara la kiangazi, lenye paa.

Njia ya zamani ni kumwaga maji yote na kujaza upya. Kwenye nchi ya joto haina neno. Kwenye baridi, piga hesabu: maji ya bomba ya Januari huweza kuingia yakiwa nyuzi 8, na kuyafikisha 20 kwenye bwawa la mita 200 za ujazo hula karibu uniti 2,800 za nishati kila unapojaza. Ndiyo sababu wahudumu wa bwawa la kumwaga hujikuta wakiahirisha, siku moja, mbili, wiki. Maji yakinuka, usimlaumu mhudumu kabla hujaona bili. Tangu bustani ya Toledo, Ohio, ilipofungua Hippoquarium yake mwaka 1986 na kuwaonyesha watu viboko chini ya maji yaliyochujwa, jibu limejulikana: ondoa vipande vya nyasi kwanza kwa chujio la ngoma au wavu, kisha mchanga, kisha ozoni (gesi ya kuua vijidudu) au taa ya mionzi, na maji yaleyale yarudi yakiwa bado na joto lake.

Maji ya kahawia angavu, kama chai ya rangi, ni rangi ya majani tu, ozoni huipunguza. Maji mazito yasiyoonyesha mkono ukiuzamisha hadi kiwiko yana vipande, na hapo shida iko kwenye hatua ya kwanza: wavu umeziba au pampu imechoka. Povu linalokaa ni protini iliyolundikana.

Macho yakiwa mekundu, au akiyafumba kila anapoibuka, pima amonia pamoja na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Amonia yenye sumu huongezeka karibu mara kumi pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, hata kama jumla ya amonia haijabadilika. Kama mnatumia klorini na ukumbi unanuka kama bwawa la shule, harufu hiyo haimaanishi klorini imezidi. Imekutana na mkojo na kuzaa kloramini, na kloramini ndiyo inayochoma macho na koo. Wengi husikia harufu hiyo na kupunguza klorini, wakati uchafu ndio wa kupunguzwa. Ozoni nayo isivutwe na mtu wala mnyama: chumba chake kiwe na feni na kengele yake.

Bakteria wanaokula amonia ndani ya chujio huzubaa maji yakipoa. Ukishusha joto la bwawa ghafla ili kuokoa mafuta, tegemea amonia kupanda, na usimwongezee mnyama chakula wiki hiyo.

Anachechemea au hataki kusimama

Angalia sakafu kabla ya mguu. Kiboko wa tani mbili akizama husukuma kama mita mbili za ujazo za maji, na kama mifereji ya pembeni haitoshi, maji hayo humwagika palepale anapopandia. Zege laini lililolowa humtelezesha. Zege lililochongwa kwa ukali humla nyayo. Zulia la mpira au mchanga sehemu ya kulala, mteremko wa kupandia usio mkali, na mabomba ya maji moto chini ya sakafu ili ikauke haraka, hivyo vitatu vina faida kuliko dawa ya maumivu. Mzee wa miaka 40 na kitu anayechechemea asubuhi tu na kunyooka akishaogelea, uwezekano mkubwa ni viungo. Daktari ampime, nawe mwongezee muda majini. Akichechemea mchana kutwa kwa mguu uleule, tafuta kidonda kati ya vidole.

Tahadhari ya kudumu: haya yote hufanywa kukiwa na nondo kati yenu. Hakuna anayeingia na kiboko kumtazama mguu. Mfundishe kuuleta mwenyewe kwa tikiti maji.

Kamasi

Wakitoka majini pua zao hulowa, hilo ni la kawaida. Kamasi nzito kwa siku kadhaa ni la daktari, na muulize pia nani kati ya wahudumu ana mafua. Desemba 2021 viboko wawili wa Antwerp, Ubelgiji, Imani na Hermien, walitoa kamasi, wakapimwa na kukutwa na UVIKO-19. Hawakuwa na dalili nyingine.

Hataki kutoka nje, au hataki kurudi

Mlango ukifunguliwa siku ya jua la Februari, mwingine atatoka mwenyewe dakika kumi na kurudi. Mwache achague. Kila bustani ina kiwango chake cha joto la chini, ila barafu chini ni katazo pote: mnyama mzito mwenye miguu mifupi akianguka, kumwinua ni balaa. Sugua barafu, mwaga mchanga, usitumie chumvi, itamchoma nyayo. Asiyetaka kurudi mara nyingi anaogopa pazia la plastiki mlangoni au feni ya hewa moto inayonguruma juu yake. Izime dakika tano.

Ananenepa, au anadondosha chakula mdomoni

Porini hula kilo 40 hivi za nyasi kwa usiku na hutembea kilomita kadhaa kuzitafuta. Ndani hutembea hatua ishirini. Mkate, ndizi na vidonge vya wanga wanavyopewa ili "wapate nguvu ya baridi" ndivyo vinavyowaangusha. Nyasi kavu ziwe karibu chakula chote. Zigawe sehemu nyingi na uziweke mbali na bwawa, sehemu kubwa usiku, kwa kuwa yeye ni mlaji wa usiku. Berlin mwezi Desemba haina hata saa nane za mwanga, ilhali huko alikotoka babu yake mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo taa ziwe na ratiba na si kuwashwa mhudumu anapoingia.

Akidondosha nyasi zilizotafunwa nusu, tazama meno. Chonge za kiboko hukua maisha yote na husagana zenyewe. Moja ikivunjika, mwenzake wa upande wa pili hukosa cha kumsaga na kuendelea kurefuka hadi kuchoma mdomo. Kukata ni kazi ya daktari.

Kwa kiboko mdogo wa Afrika Magharibi, yule wa kilo mia mbili na kitu, mambo mengi ya hapo juu ni yaleyale kwa kipimo kidogo, isipokuwa akipungua uzito huku akinywa maji kupita kawaida usisubiri: jamii yake huugua sana figo zenye vifuko vya maji.

Ndama amezaliwa katikati ya baridi

Mama huzaa majini, na ndama wa kawaida huwa na kilo 25 hadi 50. Cha kuandaa mapema ni ukingo wa kina kifupi ambapo atasimama pua ikiwa juu ya maji, na maji yafikie joto la juu la kiwango chako kabla ya wiki za mwisho. Bwawa refu lenye kuta wima litamchosha, na ndama aliyechoka hupoa haraka.

Fiona, ndama wa bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, alizaliwa tarehe 24 Januari 2017, wiki sita kabla ya siku zake, akiwa na kilo 13 tu. Hakuweza kusimama wala kunyonya wala kulinda joto lake, kwa hiyo walimtoa na kumlea kwenye chumba chenye joto na unyevunyevu, wakamkamua mama yake, Bibi, na kuyapima maziwa ili watengeneze yanayofanana. Alipoishiwa maji mwilini na mishipa ikagoma kupatikana, waliitwa wauguzi wa hospitali ya watoto ya mjini hapo, waliozoea mishipa ya watoto njiti, nao wakaupata. Namba hiyo ya simu iwe ukutani kabla mimba haijakomaa.

Umeme umekatika, boila imelala

Usimwage bwawa kwa sababu yoyote. Mita 200 za ujazo zikipoa nyuzi moja tu hutoa uniti 230 hivi za joto ndani ya ukumbi; hilo ndilo jiko lako la dharura. Funika sehemu ambayo mnyama hatumii ili mvuke usipotee, mwachie njia ya kwenda majini, punguza matundu ya hewa lakini usiyafunge yote, na jenereta ihudumie pampu ya chujio kabla ya taa za wageni.

Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, pampu isiwashwe kwa pupa. Bakteria wa kwenye chujio wanapokosa oksijeni hufa, na maji yaliyolala humo huoza. Fungua bomba la kwenda mtaroni, yaache yatoke hadi yawe angavu na yasiwe na harufu ya mayai viza, ndipo uyarudishe bwawani. Kisha pima amonia kila siku kwa wiki moja.